Air Tanzania iongeze ndege ndogo kwa safari za mikoani, au tatizo liko kwingine?

#1 Mwanakatavi
Wakuu, habari za leo.

Juzi nimetoka Dar kwenda Mpanda kwa ndege ya viti 76. Tulipitia Tabora, watu wakashuka. Kabla hatujaruka tena nikasimama nikahesabu vichwa: tumebaki 23. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, cha mbele yangu kitupu. Nikajiuliza mafuta yote haya yanachomwa kwa ajili ya nani.

Halafu nafika nyumbani nakuta kilio ni kilekile, ndege haiji kila siku. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Dar leo anaambiwa asubiri siku ya ndege, la sivyo apande basi alale njiani.

Tangu Dreamliner ya tatu ilipoingia Agosti 2024, tunahesabu ndege 16: Boeing 787-8 tatu, 737 MAX 9 mbili, Airbus A220 nne, Bombadia Q400 tano, ile Q300 moja ya viti 50, na moja ya mizigo. Yaani ya abiria yenye viti pungufu ya 76 ni moja peke yake! Kwa nini tusiwe na ndege kadhaa za viti 19 hadi 50 kwa Mpanda, Songea, Iringa, Tabora na Bukoba? Mimi naona abiria 23 kila siku ni bora kuliko abiria 46 kila baada ya siku mbili.

Naomba hoja, ushabiki tuuache nje.

#2 KibandaChaChai
Nimekaa dirishani, nasubiri wajuzi.

#3 FundiHanga
Mkuu Mwanakatavi, mada nzuri, lakini umehesabu viti bila kuhesabu gharama.

Ndege ina hesabu mbili. Kuna gharama ya safari nzima, na kuna gharama ya kila kiti. Ndege ndogo inashusha ile ya kwanza na kupandisha ya pili. Q400 inahitaji marubani wawili, na ya viti 19 nayo marubani wawili. Kinachopungua ni wahudumu: viti visivyozidi 19 havilazimishi mhudumu hata mmoja, hadi 50 anatosha mmoja, ukivuka hapo lazima wawili. Mafuta yanapungua kweli, lakini rubani, fundi na bima vinagawanywa kwa watu wachache. Kwa hiyo nauli inapanda.

Pili, umbali. Dar hadi Mpanda kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 900. Q400 inakwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Caravan ya injini moja, au Twin Otter ya viti 19, inakwenda kama 300. Hiyo ni saa tatu angani, ndani ya ndege isiyojazwa hewa ya shinikizo, inayolazimika kuruka chini kwenye mawingu ya masika, na choo hakuna. Huyo mgonjwa wako wa rufaa utamweka humo?

Ndege ya viti 19 ni ya safari ya dakika 40: Mafia, Pemba, mbugani.

#4 BintiKagera
Mleta mada, Bukoba naomba uitoe kwenye orodha yako. Sisi ndege zinajaa. Desemba tiketi za kwenda kula sikukuu nyumbani zinakwisha mapema, na nauli inapaa. Ukituletea ndege ndogo utakuwa umetuumiza.

Sisi kinachotubana ni uwanja. Njia ya kurukia ni takriban kilomita moja na nusu, na ziwa liko hapohapo. Ndiyo maana hata kama abiria wapo, Airbus haiwezi kuja kuwachukua. Kwa hiyo Mpanda ndege ni kubwa kuliko abiria, Bukoba abiria ni wengi kuliko uwanja. Hayo ni magonjwa mawili, dawa moja haitibu.

#5 MhasibuMkongwe
Kabla ya kununua chochote tuangalie daftari. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha Air Tanzania (ATCL) ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na mwaka 2023/24 ikafika bilioni 91.8. Mashabiki wa ndege huwa hawapendi kusikia hizi namba.

Na watu wanasahau jambo moja. Ndege si mali ya ATCL. Zinamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL inazikodi, na kodi inalipwa hata ndege ikiwa imeegeshwa. Mwishoni mwa 2022 Airbus A220 zilisimamishwa kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani. Zikilala hizo, Q400 zinavutwa kwenda kuziba njia kubwa, na Mpanda anakosa siku yake. Ndege yake haikuwa kubwa mno. Iliitwa Mwanza tu.

Kwa hiyo mimi nasema tuna upungufu wa ndege *zinazoruka*. Mambo ya ukubwa yaje baadaye.

#6 Msafiri254
Majirani, hamjambo. Kutoka Nairobi hapa.

Shirika letu la Jambojet lilianza Aprili 2014 na Boeing 737. Baadaye waliziacha, wakahamia Dash 8-400 peke yake, ndege hiyohiyo mnayoiita Bombadia. Leo wanaenda nazo Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi, Ukunda na Lamu. Aina moja ya ndege, marubani wa aina moja, vipuri vya aina moja. Kwa hiyo ndiyo, kushuka ukubwa kunaweza kusaidia, lakini tazameni walishukia wapi: kwenye Q400, ambayo nyinyi tayari mko nayo.

Zile ndogo zaidi tumewaachia watu wa uwanja wa Wilson. Huko ndiko kwenye Caravan na Dash 8 fupi.

#7 Kilosa_Mjini
Msafiri254 karibu, lakini mfano wako una ndugu yake wa huku. Fastjet ilianza kuruka hapa Novemba 2012 na Airbus A319. Baadaye wakashuka kwenye Embraer 190, ndogo zaidi. Desemba 2018 wakaacha kuruka kabisa. Kwa hiyo wawili walipunguza ndege, mmoja yupo, mwingine hayupo. Ukubwa peke yake hauelezi.

#8 Msafiri254
Hiyo nimeipokea, kaka. Ingawa Fastjet walikuwa na madeni yao mengine.

#9 Mwanakatavi
Asanteni. FundiHanga, hoja ya saa tatu bila choo imenigusa, mama yangu ana kisukari. Ya viti 19 naitoa kwa Mpanda. Lakini ya viti 50 je? Mbona hujaigusa? ATR 42 au Dash 8-300 (yaani Q300) ina choo, ina hewa ya shinikizo, ina mhudumu. Viti 50 kwa abiria 23 ni karibu nusu. Viti 76 kwa abiria 23 ni chini ya theluthi.

BintiKagera, samahani dada, Bukoba nimeiondoa.

#10 MzeeWaFriendship
Vijana, mnajadili kitu tulichokwisha kukiishi. Shirika lilipoanzishwa mwaka 1977, baada ya East African Airways kuvunjika, lilikuwa na ngazi tatu: Boeing 737-200 kwa njia kubwa, Fokker Friendship kwa mikoa, na Twin Otter kwa viwanja vidogo. Kila ndege ilikuwa na kazi yake. Nilifanya kazi mikoa ya kusini miaka hiyo, na mlio wa Friendship ikishuka tuliujua kama mlio wa kengele ya shule.

Sikubali kwamba ni jambo geni lisilowezekana.

#11 FundiHanga
Shikamoo mzee wangu. Ngazi tatu zilikuwepo, ni kweli. Lakini mafuta ya ndege ya wakati ule na nauli za wakati ule zilipangwa kwa namna nyingine, na hata hivyo shirika lilihangaika na vipuri vya ndege tatu tofauti hadi nyingi zikabaki chini. Hizo ngazi tatu ndizo zilikuwa sehemu ya mzigo.

Mwanakatavi, ya viti 50 ni hoja ya haki, nakiri niliiruka. Uzuri wake, rubani wa Q400 akienda Q300 hasomi upya kama ndege ngeni, anafanya mafunzo ya tofauti tu kwa sababu ni familia moja. Ila fundi anaumia: injini ni tofauti kabisa, PW123 na PW150A, na stoo mbili za vipuri. ATR 42 ni zaidi ya hapo. Ni ndege nyingine kabisa: vitabu vipya, mafunzo mapya, wakaguzi wapya.

Hili la ukaguzi tusilichukulie kirahisi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyozuiwa, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Nchi iliyo katika hali hiyo inatakiwa iimarishe usimamizi wa ndege ilizonazo kabla ya kuongeza aina nyingine. Nasema hivi kwa uchungu, hii ndiyo kazi yangu.

#12 Mtulivu_wa_Pwani
Mimi ndege ndogo sipandi. Yaliyotokea Bukoba yalinitosha. Watu zaidi ya 40 walikufa.

#13 BintiKagera
Mtulivu, naomba nisahihishe kwa heshima ya marehemu wetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria ilikuwa na watu 43, abiria 39 na wafanyakazi wanne. Waliofariki ni 19. Wengine 24 walitoka hai, na wavuvi wetu walikuwa wa kwanza kufika kwenye maji.

Na ile ilikuwa ATR 42, ndege ya saizi hiyohiyo anayoiomba Mwanakatavi. Mashirika mengi duniani yanaitumia kila siku. Usichanganye udogo na ubovu.

#14 Mtulivu_wa_Pwani
Nimesahihishwa, asante dada. Hofu yangu bado ipo lakini.

#15 TaaZaUwanja
Nimesoma kote, hakuna aliyetaja jua.

Viwanja vingi vya mikoani kwa miaka mingi vimekuwa vya mchana tu. Hakuna taa za njia ya kurukia, ikifika magharibi kazi imekwisha. Chukua Q400 moja: inaondoka Dar alfajiri, inakwenda Mpanda kupitia Tabora na kurudi, mchana umeshaliwa. Inabaki safari moja fupi ya jioni kwenda kwenye kiwanja chenye taa. Ndege hiyohiyo ikipewa viwanja vyenye taa ingefanya mizunguko miwili zaidi.

Kuna na mafuta. Si kila kiwanja cha mkoani kina mafuta ya ndege, kwa hiyo unatoka Dar umebeba ya kwenda na ya kurudi. Uzito huo unakula nafasi ya abiria na mizigo. Ongeza mwinuko: Nduli ya Iringa iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mchana wa joto hewa ni nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka na uzito uleule. Kwa hiyo siku nyingine unaona viti vitupu ukadhani abiria hawapo, kumbe vimeachwa kwa makusudi kwa sababu ya uzito.

Wekeni taa na matangi ya mafuta kwanza. Ni nafuu kuliko ndege hata moja.

#16 Mwanakatavi
Aisee. Hili la viti kuachwa kwa makusudi sikuwahi kulifikiria. Lakini TaaZaUwanja, siku ile tulitoka Tabora kwenda Mpanda, kipande kifupi, na ndege ilikuwa nyepesi. Sidhani kama ilikuwa uzito.

#17 TaaZaUwanja
Kwa kipande hicho nakubali. Hata hivyo hesabu yako ina tundu. Umehesabu baada ya Tabora kushuka. Waliotoka Dar kwenda Tabora uliwahesabu?

#18 Mwanakatavi
Hapana. Ilionekana imejaa jaa hivi.

#19 FundiHanga
Basi hapo ndipo jibu lilipo, kaka. Viti vya Mpanda vinabebwa na Tabora. Ukileta ndege ya viti 50, Tabora hawatatosha, na utaachia watu uwanjani Dar.

#20 DagaaWaUjiji
Mnasahau mizigo! Mimi nafanya biashara ya dagaa na migebuka kutoka Kigoma. Ninachotazama ni nafasi ya nyuma kule, viti siangalii. Ndege ikiwa ndogo, boksi langu linaambiwa lisubiri ndege ya kesho, na migebuka haisubiri. Q400 kwangu ni mkombozi. Mwenye kutaka ndege ndogo aje kwanza aone asubuhi yetu uwanjani.

#21 KibandaChaChai
Dagaa wako ndio wanaofanya tuvute hewa ya Ujiji mpaka Dar, mkuu 😂

#22 DagaaWaUjiji
Harufu ya hela hiyo. Nawafunga vizuri kwa karatasi tatu, wanaolalamikiwa ni wa yule mwingine.

#23 BintiKagera
Na senene je? Msimu wa Novemba kila abiria wa Bukoba ana ndoo. Nao wanahitaji nafasi.

#24 Kilosa_Mjini
Turudi kwenye mada kabla hatujafungua soko. Nani ameangalia reli? Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma katikati ya 2024, mtu analipa 31,000 daraja la kawaida na anafika kabla hajachoka. Mimi nilikuwa napanda ndege ya Dodoma mara mbili kwa mwezi kwa kazi. Sijapanda tena.

Kama wengi wamefanya kama mimi, njia ya Dodoma itahitaji viti vichache. Basi Q400 zilizokuwa zinakwenda Dodoma zipelekwe Songea na Mpanda ziongeze siku. Ndege mpya ya nini?

#25 MhasibuMkongwe
Kilosa umesema jambo la maana, ila kuna abiria mmoja hujamtaja: mtumishi wa serikali anayelipiwa. Yeye bado anapanda ndege ya Dodoma kwa sababu ya muda wa kikao. Njia hiyo bado ina mashiko, usiivue nguo zote.

#26 Mjukuu_wa_Litembo
Naandika kutoka Songea. Dar ni kama kilomita 580 kwa anga, kwa basi unatoka alfajiri unafika usiku. Watu wanaohitaji ndege wapo tele. Wanachokosa ni nauli.

Mwaka jana nilisafiri kumzika mjomba. Kampuni siitaji. Tiketi niliyokata siku mbili kabla ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyokata binamu yangu mwezi mmoja nyuma. Tulikaa viti vya jirani, na nyuma yetu kulikuwa na safu tupu. Sasa niambieni, ile safu ilikuwa tupu kwa sababu ndege ni kubwa au kwa sababu bei ni kubwa? Msiba hautoi taarifa mwezi mmoja kabla. Shusheni bei ya viti vya mwisho, Q400 itajaa.

#27 FundiHanga
Pole kwa msiba, Mjukuu. Ukishusha bei ya dakika za mwisho, kila mtu atasubiri dakika za mwisho. Ndivyo mashirika yanavyojitetea. Lakini uliyoyaona ni ya kweli, na sina jibu la kukuridhisha.

#28 MzeeWaFriendship
Hilo la bei limenigusa kuliko yote. Zamani Friendship ilijaa watumishi na wagonjwa, nauli ikiwa ya kupangwa na serikali. Lakini mwanangu FundiHanga atasema ndiyo maana ilikufa.

#29 FundiHanga
Sikutaka kusema, mzee wangu.

#30 Rubani_wa_Simu
Wazo langu: msinunue kwa ajili ya Dar. Wekeni ndege mbili za viti 50 zilale Mwanza. Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 175 tu. Kutoka Mwanza unaweza kwenda Bukoba, Kigoma, Tabora na Mpanda, halafu abiria anaunganisha na Airbus kubwa ya Dar. Leo mtu wa Bukoba mwenye kesi au biashara Kigoma anashuka mpaka Dar kisha anapanda tena. Ni kama kutoka Ubungo kwenda Mwenge kwa kupitia Chalinze.

#31 BintiKagera
Hili ndilo wazo la kwanza kwenye uzi huu lililonifanya nikae wima. Ingawa Mwanza–Bukoba tuna meli ya MV Victoria ya usiku, unalala unaamka umefika, kwa bei ya chini sana. Ndege itapata wenye haraka tu.

#32 MhasibuMkongwe
Rubani, ndege mbili zikilala Mwanza, fundi naye alale Mwanza, vipuri vilale Mwanza, na ikiharibika moja huna ya akiba. Gharama ya kituo cha pili ndiyo inayoua.

#33 Rubani_wa_Simu
Mwanza ni jiji la pili la nchi, mkuu. Kama hapo hapawezi kulala fundi, basi pasiwepo popote.

#34 TaaZaUwanja
Tukumbuke na soko la ndege zenyewe. De Havilland Canada wamesimamisha kutengeneza Dash 8 mpya tangu 2021, kwa hiyo Q300 au Q400 mpya huipati, labda iliyotumika. Kwa viti 50 aliyebaki na ndege mpya ya pangaboi ni ATR 42-600. Toleo lake la kurukia njia fupi, ambalo lingefaa viwanja kama Bukoba, ATR wenyewe walilifuta Novemba 2024. Tunajadili ukubwa wakati duka lina shati moja tu.

#35 Mwanakatavi
Nimesoma yote mara mbili. Nilikuja na hoja moja naondoka na sita, na bado naamini kuna nafasi ya ndege ya viti 50 mahali fulani magharibi. Ila la hesabu yangu nimekubali lilikuwa nusu.

Narudi Dar Jumatano, kupitia Tabora. Safari hii nitahesabu wanaopanda Mpanda, wanaopanda Tabora, na nitamuuliza mhudumu kama kuna viti vilivyofungwa kwa ajili ya uzito.

#36 TaaZaUwanja
Uliza pia kama mmejaza mafuta Tabora au mmetoka nayo Dar.

#37 DagaaWaUjiji
Na uchungulie nyuma kama mizigo imebaki uwanjani.

#38 Mwanakatavi
Nimeandika yote kwenye daftari. Alhamisi nitaleta namba hapahapa.